Saratani inayopita kwenye ukoo: kabla ya kutoa damu, chora familia

Mwambie jirani yako kwamba unakwenda kupima DNA, uone atakavyokuangalia. Kwetu kipimo hicho kimezoeleka kwa mambo mawili: baba anayetilia shaka mtoto, na maiti isiyotambulika baada ya ajali. Ndiyo maana daktari wa saratani anapomwambia mgonjwa, "Tungependa kupima vinasaba vyako," wapo wanaonyamaza ghafla na kumtazama mume au mke aliyekaa pembeni.

Kipimo ninachotaka kukieleza hapa hakiulizi mtoto ni wa nani. Kinatazama jeni chache, yaani vipande vya vinasaba, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili usipate saratani, na kuangalia kama mojawapo imeharibika tangu mtu alipotungwa mimba. Kama imeharibika, mara nyingi imetoka kwa baba au kwa mama, na kwa hiyo inaweza kuwa imewafikia ndugu wengine pia, wagonjwa na wazima. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Damu inatolewa kwenye mkono wa mtu mmoja, lakini majibu yanawagusa watu ambao hawakuombwa ridhaa na wengine ambao hawajazaliwa.

Kwanza tuondoe hofu moja kubwa. Saratani nyingi hazirithiwi. Kati ya wagonjwa 100, wale ambao ugonjwa wao umetokana na jeni mbovu ya kurithi ni kama 5 hadi 10. Waliobaki wamepata madhara ya kwenye seli katika safari ya maisha: umri, tumbaku, pombe, maambukizi, na wakati mwingine bahati mbaya tu. Saratani ya mlango wa kizazi, inayowaua mama zetu wengi Afrika Mashariki, husababishwa na kirusi cha HPV. Mama na binti wakiugua wote, usikimbilie kusema ni ya ukoo. Kila mmoja amekutana na kirusi kilichoenea mno, na huenda hakuna kati yao aliyewahi kuchunguzwa. Hiyo ina chanjo. Rwanda ilianza kuitoa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2011, Tanzania mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Familia hushirikiana damu, lakini hushirikiana pia jiko, moshi, chakula na tumbaku ya babu.

Sasa hizo chache za kurithi zinarithiwaje? Hakuna anayezaliwa na saratani ya titi aliyoachiwa na bibi yake. Kinachorithiwa ni ulinzi uliopungua. Chukulia kila seli ya mwili ni dau lililotia nanga mbili, moja umepewa na mama, nyingine na baba. Kwa watu wengi, ili dau lichukuliwe na maji, yaani seli igeuke saratani, lazima kamba zote mbili zikatike, jambo ambalo huchukua miaka mingi au halitokei kabisa. Aliyerithi jeni mbovu amezaliwa na kamba moja imeshakatika katika kila dau. Anaweza kuishi salama hadi uzeeni. Lakini dhoruba moja ikipiga mahali pamoja, hapo pana safari.

Wazo hili la mapigo mawili lilitolewa mwaka 1971 na daktari Mmarekani, Alfred Knudson, baada ya kuwachunguza watoto wenye retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata hasa walio chini ya miaka mitano. Kwetu watu wanaijua kwa dalili yake. Mzazi huona mboni iking'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, mara nyingine kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi. (Ukiona hivyo, mpeleke mtoto hospitali wiki hiyo hiyo. Usisubiri.) Knudson aligundua kwamba watoto walioumwa macho yote mawili waliugua mapema zaidi kuliko wa jicho moja, kana kwamba walianza mbio wakiwa wamesogezwa mbele. Na kweli walikuwa wamesogezwa: kila seli yao ilikuwa imeshapoteza nanga moja, jeni iitwayo RB1. Karibu watoto 4 kati ya 10 wenye saratani hii wako hivyo. Wengi wao ni wa kwanza katika ukoo wao, kwa sababu hitilafu imejitokeza kwenye yai au mbegu ya mzazi, lakini wao wenyewe watakapozaa wanaweza kuirithisha.

Watu wa huku tunajua kurithi kupitia selimundu, na ujuzi huo unaweza kutupotosha. Katika selimundu mtoto huugua akipata jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Akipata moja huwa mbebaji tu. Kwenye saratani nyingi za kurithi, jeni mbovu moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuongeza hatari, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata. Ni sawa na kurusha shilingi juu, na shilingi haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Watoto wanne wa mama mmoja wanaweza kuikosa wote, au kuipata wote.

Jeni mbili zinazosikika zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Mwaka 1990 mwanasayansi Mary-Claire King alionyesha kwamba kwenye kromosomu ya 17 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) ipo jeni inayohusika na saratani ya titi ya kifamilia. Jeni yenyewe, BRCA1, ikanaswa mwaka 1994, na BRCA2 iliyo kwenye kromosomu ya 13 ikafuata mwaka 1995. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia karibu wanawake 10,000 wenye jeni hizi zilizoharibika, ulikadiria kwamba hadi kufikia umri wa miaka 80, wanawake kama 72 kati ya 100 wenye hitilafu ya BRCA1 na 69 kati ya 100 wenye ya BRCA2 watapata saratani ya titi. Ya ovari, yaani vifuko vya mayai, ni 44 na 17. Linganisha na mwanamke wa kawaida Marekani: kama 13 kwa titi, na mmoja hivi kwa ovari. Ni hatari kubwa, lakini soma takwimu hizo upande wa pili pia: wapo wanaobeba jeni hiyo na hawaugui kamwe.

Basi ushauri nasaha unaingia wapi? Walioishi enzi za vituo vya Angaza vya kupima VVU wanakumbuka utaratibu: unakaa na mshauri kabla ya kupima, unaambiwa majibu yanaweza kuwa nini, unajiuliza utafanya nini nayo, ndipo unatoa damu. Ushauri wa vinasaba ni ndugu yake, ila sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa kalamu na karatasi. Ngoja niionyeshe kwa mfano wa kutunga.

Tumwite Rehema, wa Tanga, miaka 36, ana saratani ya titi la kushoto. Anaingia chumba cha ushauri na khanga mabegani.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Nieleze, kwenu kuna mwingine aliyewahi kuugua saratani?"

"Kwetu hakuna. Mama mzima, bibi alikufa kwa uzee. Labda dada yangu, aliumwa kizazi."

Mshauri hachori bado. "Dada yako wa tumbo moja?"

"Hapana, mtoto wa mama mdogo."

"Na hicho kizazi, walisema mfuko au mlango?"

"Mlango. Alitibiwa Ocean Road."

Duara dogo linawekwa upande wa mama, mbali kidogo, na haliongezi uzito kwenye hesabu. Ona lugha yetu inavyosaidia na inavyokwamisha kwa wakati mmoja. Tukisema "shangazi" tumeshamaliza, ni dada wa baba. "Mama mdogo" ni wa upande wa mama, hakuna haja ya kufafanua. Lakini "dada" kwetu ni bahari. Anaweza kuwa wa baba mmoja mama mmoja, wa baba mmoja tu, mtoto wa mama mkubwa, au jirani aliyelelewa nyumba ile ile. Kwa mapenzi wote ni dada; kwa jeni, tofauti ni kubwa. Mshauri mzuri huuliza "tumbo moja?" mara kumi kwa siku bila kuona haya.

Kisha anauliza swali ambalo Rehema hakulitegemea: "Upande wa baba je?"

"Baba naye anahusika? Si ugonjwa wa wanawake?"

Hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. BRCA haikai kwenye matiti. Iko katika kila seli ya mwanamume na ya mwanamke. Baba anaweza kuibeba iliyoharibika miaka 80 bila kuumwa hata siku moja, na akawapa binti zake. Mshauri anauliza mmoja mmoja. Shangazi mkubwa? Alifariki akiwa na miaka 41, tumbo lilijaa maji, watu walisema karogwa. Bibi mzaa baba? Alikuwa na kidonda kifuani ambacho hakikupona, alikuwa akikifunika kwa khanga. Baba mdogo? Yupo, ana miaka 58, alitibiwa tezi dume miaka minne iliyopita.

Karatasi sasa ina mviringo kwa wanawake na mraba kwa wanaume, mstari wa mshazari juu ya waliokufa, na upande mmoja umejaa wino. Hakuna aliyekuwa na jina la ugonjwa isipokuwa baba mdogo. Lakini tumbo la kujaa maji kwa mwanamke wa miaka 41, kidonda cha titi kisichopona, saratani ya tezi dume mapema, na binti wa miaka 36: wakipangwa kwenye mstari mmoja wa damu, wanasema jambo. Rehema aliyesema "kwetu hakuna" hakudanganya. Alikuwa ameulizwa saratani, naye vifo vya kwao havikuwahi kupewa jina hilo.

Jambo hili la kuwasikiliza watu wakieleza vifo vya kwao lina historia. Mwaka 1895, Ann Arbor, Michigan, mshonaji mmoja wa nguo alimweleza daktari wa maabara, Aldred Warthin, kwamba ana uhakika atakufa kwa saratani, kwani ndivyo watu wengi wa ukoo wake wanavyokufa. Warthin hakumpuuza. Alichora ukoo ule na kuuchapisha mwaka 1913. Mwanamke yule alikufa kweli, kwa saratani ya mfuko wa uzazi. Baadaye daktari Henry Lynch alizifuatilia familia za aina hiyo kwa miongo mingi, na hali yenyewe leo inaitwa sindromu ya Lynch: saratani ya utumbo mpana na ya mfuko wa uzazi inayotokea katika umri mdogo. Zaidi ya karne moja baada ya mshonaji kusema neno lake, jeni iliyoharibika katika ukoo wake ilipatikana. Ni MSH2, mojawapo ya jeni zinazorekebisha makosa seli inaponakili vinasaba vyake. Mshonaji alikuwa ameona kwa macho yake yale ambayo maabara ilihitaji miaka mia kuyathibitisha.

Baada ya karatasi ndipo inakuja damu, au mate. Na hapa kuna kanuni ambayo watu wengi hawaipendi mwanzoni: aanze kupimwa mgonjwa. Familia hutaka kinyume chake, wapimwe mabinti wazima, mgonjwa apumzike, ana mengi. Lakini tufikiri. Mdogo wake Rehema akipimwa peke yake na jeni zake zikaonekana nzima, tunajua nini? Huenda ukoo una hitilafu na yeye ameikosa, jambo la kushangilia. Huenda pia tatizo la ukoo liko kwenye jeni ambayo kipimo hiki hakikuitazama, naye anayo. Jibu moja, maana mbili zinazopingana. Akipimwa kwanza Rehema na hitilafu ikaonekana mahali mahususi, ndugu wote wanatafutiwa mahali hapo hapo, na "huna" inakuwa "huna" kweli. Kwa retinoblastoma faida yake ni kubwa sana: mdogo wa mtoto mgonjwa akithibitika hana hitilafu ile, anaepushwa na uchunguzi wa macho wa mara kwa mara chini ya dawa ya usingizi tangu akiwa mchanga.

Majibu huja kwa namna tatu. Mbili unazijua: hitilafu ipo, au haikuonekana. Ya tatu ndiyo inayowasumbua zaidi watu wenye asili ya Afrika, nami nitakaa nayo kidogo.

Jeni ni maandishi marefu, na kila mtu ana tofauti zake za herufi. Sisi tunaandika "mahali", mwingine anaandika "mahala", na hakuna aliyepotea. Lakini ondoa herufi moja kwenye "kufaa" upate "kufa", na maana yote imeanguka. Maabara inapokuta tofauti ambayo haijui kama ni ya aina ya mahala au ya aina ya kufa, inaandika kwamba ni badiliko lenye maana isiyojulikana. Kwa nini sisi tunaandikiwa hivyo mara nyingi zaidi? Kwa sababu kamusi inayotumika ilikusanywa zaidi kutoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Ni kama kuandika kamusi ya Kiswahili kwa kusikiliza watu wa Unguja mjini peke yao, kisha neno halali la Pemba au la Lamu likakutwa na kutiwa alama ya kuuliza. Neno halina kosa. Waandishi wa kamusi hawakufika.

Pengo hilo linaanza kuzibwa, polepole kuliko inavyostahili. Mwaka 2018, kundi lililomjumuisha daktari Olufunmilayo Olopade, Mnigeria anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Chicago, lilichapisha matokeo ya wanawake 1,136 wa Nigeria wenye saratani ya titi: asilimia 14.7 walikuwa na jeni ya kurithi iliyoharibika, nyingi zikiwa BRCA1 na BRCA2. Hiyo ni kama mmoja kati ya saba, na wengi hawangejua kama wasingepimwa.

Ukipewa jibu hili la tatu, usikubali kukatwa kitu kwa sababu yake, na usiwapimishe watoto. Unafuatiliwa kulingana na historia ya ukoo wako, na unarudi kuuliza baada ya mwaka au miwili, kwani mabadiliko mengi ya namna hii, yakisha kueleweka, huonekana hayana madhara.

Tuseme Rehema amekutwa na hitilafu ya BRCA2. Kwake tayari kuna faida ya matibabu: zipo dawa, kama vile olaparib, zinazoshambulia udhaifu ule ule wa seli zisizoweza kujirekebisha. Ataongea na madaktari kuhusu titi la pili, na kuhusu kuondoa ovari na mirija akishamaliza kuzaa, kwa BRCA2 mara nyingi kati ya miaka 40 na 45, kwa sababu saratani ya ovari haina kipimo cha kuaminika cha kuiwahi. Mwigizaji Angelina Jolie aliyafanya haya kujulikana duniani Mei 2013, alipoandika kwamba ameondoa matiti yote mawili kwa ajili ya BRCA1. Ujasiri wake uliwaokoa wengi, lakini uliacha pia dhana kwamba jibu ni kisu tu. Mwanamke anaweza kuchagua kuchunguzwa matiti kila mwaka kwa kipimo cha picha cha MRI. Mwenye sindromu ya Lynch huingiziwa kamera kwenye utumbo mpana kila mwaka mmoja au miwili, mara nyingi kuanzia miaka ya ishirini na kitu, na vinyama hutolewa kabla havijageuka. Kaka zake Rehema wakiwa nayo, wataangaliwa tezi dume mapema, na watafundishwa kupapasa vifua vyao, maana wanaume wenye BRCA2 hupata saratani ya titi pia, hadi 7 hivi kati ya 100.

Watoto wake wadogo hawapimwi. Hakuna cha kuwafanyia sasa kwa BRCA2, na haki ya kujua au kutojua ni yao watakapokua.

Bei imeshuka sana. Kwa miaka mingi kampuni moja ya Marekani, Myriad, ilimiliki hataza (haki za kipekee) za BRCA na kupima kulizidi dola 3,000; Juni 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba kinasaba cha asili hakimilikiwi na mtu. Leo zipo maabara zinazopima jeni kadhaa kwa pamoja kwa dola 250 hivi. Kwa mshahara wa mwalimu wa Muheza bado ni fedha nyingi, na kutoka huku sampuli nyingi husafirishwa nje ya nchi. Usiri nao una sheria: Kenya kwa sheria ya mwaka 2019 na Tanzania kwa ya mwaka 2022 zinahesabu taarifa za vinasaba kuwa taarifa nyeti. Sheria haimzuii wifi kuuliza kwa nini umekwenda hospitali mara tatu mwezi huu, wala posa isisitishwe kwa maneno ya "ule ukoo una mkosi". Mshauri anatakiwa ayataje haya waziwazi kabla ya damu kutoka.

Asiye na fedha ya kipimo bado ana karatasi yake. Ukimpelekea daktari ukoo uliochorwa, wenye umri wa kila aliyeugua, anaweza kuamua uanze kuchunguzwa lini. Kwa saratani ya utumbo mpana, kwa mfano, madaktari hutumia kanuni ya kuanza miaka 10 kabla ya umri aliougua ndugu wa karibu aliyekuwa mdogo kuliko wote. Hilo linahitaji kalamu, na bibi ambaye bado anakumbuka.

Rehema, siku ya majibu, hakulia kama alivyodhani atalia. Aliomba barua. Mshauri huwa nayo, ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi usiotaja jina la mgonjwa, unaosema kwamba katika familia yenu imeonekana hitilafu hii mahali hapa, na ukitaka kupimwa onyesha karatasi hii. Aliomba nakala nne: moja ya kaka yake, moja ya mdogo wake, moja ya baba mdogo. Ya nne aliikunja ndogo, akaifunga kwenye pindo la khanga. Ilikuwa ya binti wa yule marehemu shangazi, aliyeolewa Korogwe, ambaye walikuwa hawajaongea tangu ugomvi wa shamba.